Chembe za Nano kwa Majani ya Mimea: Chupa Inapogoma na Rangi Inapodanganya

Kwa maandishi kazi ya kutengeneza chembe za nano, yaani vipande vya metali au oksaidi yake vidogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, ni nyepesi. Chemsha majani, changanya na chumvi ya metali (fedha, chuma au zinki), subiri rangi ibadilike, kisha peleka chembe zako kwenye maji machafu yenye rangi za vitambaa uone yakisafika. Mezani mambo huwa mengine: chupa inakaa vilevile mchana kutwa, au inageuka maziwa, au maji yaliyokuwa meupe jana jioni leo asubuhi yana rangi tena.

Nimepanga dalili kwa jinsi zinavyojitokeza kazini, kuanzia kutengeneza chembe hadi kusafisha maji yenyewe. Karibu kila ushahidi wa mwanzo hapa ni rangi, na rangi moja inaweza kuletwa na sababu tatu zisizohusiana. Kwa hiyo usianze bila chupa za kulinganisha. Ziwe mbili pembeni ya ile ya kazi: moja ya mchemsho wa majani na maji matupu, nyingine ya chumvi ya metali na maji matupu. Zikae joto lile lile, mwanga ule ule, muda ule ule. Anayeziruka anajiokolea dakika tano na kupoteza wiki.

Vipimo ninavyovichukulia kuwa vya kawaida: gramu 10 za majani mabichi yaliyooshwa na kukatwakatwa, mililita 100 za maji yaliyokenekwa, chemsha dakika 10 hadi 15, acha ipoe, chuja. Mililita 10 za mchemsho kwa mililita 90 za naitreti ya fedha ya milimola 1 kwa lita. Kama mizani yako haisomi chini ya gramu 0.01, usihangaike kupima gramu 0.017 kwa mililita 100, pima 0.17 utengeneze lita nzima, uitunze kwenye chupa ya kahawia kabatini.

Saa zinapita, chupa haijageuka kahawia

Anza na mchemsho, usianze na fedha. Kinachoipa fedha elektroni hadi iwe metali ni kemikali za majani ziitwazo fenoli na tanini, na hizo hupanda na kushuka kulingana na msimu, umri wa jani na namna ulivyolikausha. Majani yaliyoanikwa juani siku tatu si sawa na yaliyokaushwa kivulini. Jaribio la haraka lipo: weka mililita 2 za mchemsho kwenye neli, dondoshea matone mawili ya kloraidi ya chuma ya asilimia 1. Ikigeuka bluu-nyeusi au kijani-nyeusi, mchemsho una nguvu. Ikibaki njano ya chai iliyochujwa mara ya tatu, tupa uanze upya. Majani ya mpera na ya chai hayajawahi kunitia shaka kwenye jaribio hili; mwarobaini hufaulu, lakini fedha yake hujivuta kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Mchemsho wenyewe hauzeeki vizuri. Kwenye friji upe wiki moja. Ukiona utando juu au harufu ya uchachu, ukungu umeshakula ulichokuwa unakitegemea.

Mchemsho ukiwa mzima, pandisha joto hadi nyuzi 60 au 70, kisha angalia pH, kipimo cha tindikali. Michemsho mingi ya majani ina tindikali kidogo, na kwenye tindikali fenoli huachia elektroni kwa shida. Ongeza hidroksidi ya sodiamu (kostiki) iliyozimuliwa sana, tone kwa tone huku unakoroga, hadi pH 8 au 9. Usiende mbali zaidi ya hapo. Sababu iko sehemu ya tatu.

Imegeuka maziwa badala ya kahawia

Hii ndiyo dalili ninayoiona mara nyingi kuliko zote, hasa pwani. Maziwa hayo ni kloraidi ya fedha. Fedha na kloraidi hazivumiliani ndani ya maji: kwa naitreti ya milimola 1, hata miligramu moja ya kloraidi kwa lita inatosha na kuzidi kuleta mashapo. Maji ya bomba yana kloraidi, ya kisima cha pwani ndiyo usiseme, na bika iliyosuuzwa kwa maji ya bomba ikaachwa ikauke hubaki na chumvi ya kutosha kukuharibia kazi.

Wengi wasio na mtambo wa kukenekea hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Sina tatizo nayo, mradi uyajaribu kwanza na uhakikishe chupa uliyopewa ni ya maji, siyo ya asidi ya betri. Mimina kidogo kwenye neli safi, dondoshea tone la naitreti ya fedha, weka kitambaa cheusi nyuma yake, subiri dakika tano. Ukiona ukungu hata kidogo, hayo maji ni ya betri kweli, siyo ya kazi hii.

Maji yakifaulu na maziwa bado yapo, basi kloraidi imetoka kwenye majani. Mimea inayoota karibu na bahari hubeba chumvi nyingi. Tumia majani ya bara, au punguza mchemsho kutoka mililita 10 hadi 2 au 3. Ukitaka kuthibitisha kwamba mashapo ni kloraidi, chukua mililita moja uongeze matone ya amonia iliyozimuliwa: kloraidi ya fedha huyeyuka na maji kutakata. Jaribio hilo likiisha, litie tindikali kidogo na ulimwage papo hapo. Mchanganyiko wa fedha na amonia ukikaa huzaa mashapo yanayolipuka, kwa hiyo usiuhifadhi kwa sababu yoyote.

Hatari ya dalili hii ni kwamba inajificha. Kloraidi ya fedha ikikaa dirishani hugeuka zambarau-kijivu kwa sababu ya mwanga, na mwanafunzi anaandika kwenye daftari kwamba chembe zimetokea. Hata kipimo cha fuwele kwa eksirei huwa kinapita bila mtu kushtuka. Fedha yenyewe hutoa vilele kwenye mchoro kwa pembe za karibu nyuzi 38, 44, 64 na 77. Ukiona vingine karibu na 28, 32 na 46, hiyo ni kloraidi, na si “fuwele za mmea” kama inavyoandikwa kwenye ripoti nyingi. Ukishavijua vilele hivyo vitatu, utavikuta kwenye michoro mingi iliyochapishwa.

Imegeuka kahawia papo hapo nilipoongeza kostiki

Hapa umefurahi mapema. Naitreti ya fedha na kostiki pekee, bila jani lolote, hutoa oksaidi ya fedha, na hiyo nayo ni kahawia. Tofauti ni kwamba oksaidi hutua chini, na chembe za nano hubaki zimeelea, maji yakiwa angavu ukiyapitishia mwanga. Chupa ya pili ya kulinganisha, ya fedha bila mchemsho, ipandishwe pH vilevile. Ikigeuka kahawia nayo, kahawia yako haina maana.

Shahidi wa uhakika ni spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaomezwa na maji. Chembe za fedha zina kilele cha kumeza mwanga kati ya nanomita 400 na 450. Kilele kikiwa chembamba karibu na 420, chembe ni ndogo na zinafanana. Kikiwa kipana kimelalia upande wa 480 na kuendelea, zimeshikana au zina ukubwa wa kila namna. Pasipo kilele, mstari ukishuka tu kutoka kushoto kwenda kulia, unachokisoma ni rangi ya majani.

Chuma kimegeuka cheusi ndani ya sekunde moja, je ni chembe?

Huenda siyo. Changanya chumvi ya chuma na mchemsho wa chai au mpera, utapata weusi kabla hujaweka kijiti chini. Makala nyingi za utafiti huita weusi huo chembe za chuma halisi. Lakini tanini na chuma zikikutana hutoa weusi bila chembe yoyote ya metali kuundwa; ndiyo kemia ya wino wa zamani wa Ulaya.

Tazama hesabu ya volti. Fedha yenye chaji inahitaji msukumo mdogo kuwa metali, volti chanya 0.80, ndiyo maana hata majani dhaifu huifikisha. Chuma cha chaji tatu kushuka hadi mbili ni chanya 0.77, nacho hufika. Kutoka chaji mbili hadi metali ni hasi 0.44, na hapo fenoli za majani kwa kawaida hazina ubavu. Ulichonacho kwenye chupa mara nyingi ni chuma kilichoshikwa na tanini, pengine na oksaidi kidogo.

Pima hivi: kausha kidogo, weka kwenye asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Chuma halisi hutoa mapovu ya haidrojeni. Tanini ya chuma hupauka na kuyeyuka kimya. Sumaku nayo husaidia, ingawa oksaidi ya chuma nyeusi huvutwa pia, kwa hiyo isiwe shahidi pekee.

Usimwage chupa kwa sababu hiyo. Weusi huo ukiwekwa pamoja na haidrojeni peroksaidi hufanya kazi ya kuvunja rangi vizuri kabisa, kwa njia iitwayo Fenton, ya chuma na peroksaidi, na kwa gharama ndogo ambayo fedha haitaifikia. Uite tu kwa jina lake kwenye ripoti.

Kahawia nzuri imekuwa kijivu, na chini kuna mashapo

Chembe zimeshikana. Chumvi imeingia, au mchemsho ulikuwa mdogo kiasi cha kushindwa kuzifunika, au umeziosha mno. Ongeza mchemsho kwa kundi linalofuata, tunza gizani, na usitegemee chupa ya miezi miwili.

Kinyume chake kipo pia: unazungusha kwenye sentrifuji na hakuna kinachotua. Mashine za kuzungushia damu za mizunguko 4,000 kwa dakika haziziwezi chembe ndogo za fedha. Unahitaji 10,000 na zaidi kwa robo saa au dakika 20. Huna mashine hiyo? Tumia chembe zikiwa majimaji, ila hesabu mchemsho uliobaki ndani yake, maana utakusumbua mbele.

Oksaidi ya zinki imetoka tanurini ya njano

Subiri ipoe. Ikiwa moto huwa njano, ikipoa hurudi nyeupe. Ikipoa ikabaki kijivu au kahawia, kuna kaboni ya majani haijaungua. Irudishe kwenye nyuzi 450 au 500 kwa saa mbili.

Nimeweka chembe kwenye rangi, hakuna kinachotokea

Kwanza jiulize kazi ya kuvunja rangi inafanywa na nani. Fedha peke yake ni kichocheo. Elektroni zinatoka kwa borohaidraidi ya sodiamu unayoiweka pamoja nayo. Unga huo hunyonya unyevu, na kopo likifunguliwa mara kwa mara kwenye joto la Tanga au Mombasa huwa mabonge yasiyo na kazi. Hata ukiwa mzima, ukiuyeyusha asubuhi kwa kazi ya mchana umeshapotea: unajivunja ndani ya maji na kutoa haidrojeni. Yeyusha kwenye maji baridi ya barafu, tumia hapo hapo, na usiukutanishe na tindikali.

Kwa oksaidi ya zinki au ya titani, mtuhumiwa ni mwanga. Zote mbili zinataka mionzi ya urujuanimno, chini ya nanomita 390 hivi. Balbu nyeupe ya LED ya dukani haina mionzi hiyo ya kutosha hata ikikuumiza macho. Jua la saa sita mchana linatosha, bika ikiwa wazi nje, si nyuma ya kioo cha dirisha.

Kisha chaji. Kati ya rangi za majaribio, methilini bluu ina chaji chanya, kongo redi na methili oranji zina hasi. Oksaidi ya zinki huwa chanya chini ya pH 9 hivi, kwa hiyo methilini bluu kwenye pH 6 inasukumwa mbali na uso inaotakiwa kuukaribia. Ukiishusha pH sana ili kuipendeza kongo redi, zinki yenyewe inaanza kuyeyuka, na kongo redi hugeuka bluu ukadhani umevumbua kitu.

Mara nyingine kazi imefanyika, usomaji ndio mbaya. Methili oranji husomwa karibu na nanomita 464, jirani kabisa na kilele cha fedha cha 420. Njano ya chembe zako inahesabiwa kama rangi iliyobaki, na namba haifiki sifuri milele. Toa usomaji wa chembe peke yake, au zizungushe zitoke kwanza. Methilini bluu husomwa kwenye 664. Miligramu 10 kwa lita tayari hupita usomaji wa 2, ambapo mashine nyingi haziaminiki. Anza na 5 au chini. Nayo hupenda kung'ang'ania kuta za kuveti, kile kichupa cha kusomea: osha kwa ethanoli kila baada ya usomaji.

Rangi ilishuka haraka hadi nusu, kisha ikasimama

Hiyo ni rangi iliyonasa juu ya chembe, haijavunjika. Nafasi zikijaa, kazi inasimama. Kwa kazi ya mwanga, weka mchanganyiko gizani nusu saa kabla ya kuutoa juani, na uanze kuhesabu kutoka hapo. Ukitaka kujua kiasi kilichonaswa, chuja chembe, zioshe kwa ethanoli, tazama ethanoli. Ikigeuka bluu, umeipata rangi yako. Weka pia bika ya rangi bila chembe juani, maana methilini bluu hupauka yenyewe kwa jua, na kuna watu wameisifia chembe kazi iliyofanywa na jua.

Maji yalikuwa meupe jioni, asubuhi yana bluu

Mama yeyote wa batiki anaijua kemia hii kwa mikono. Rangi za maji ya kostiki na haidrosalfaiti (unga unaozipa rangi elektroni) hupoteza sura yake ndani ya beseni, kitambaa kinatoka na rangi nyingine, na kikikutana na hewa kwenye kamba ndipo rangi halisi inajitokeza. Haikuvunjika, ilipewa elektroni ikajificha, oksijeni ikaja kuzichukua.

Methilini bluu hufanya hivyo hivyo. Ikipewa elektroni na borohaidraidi kupitia chembe za fedha, inakuwa umbo lisilo na rangi. Kipimo cha dakika 10 kinaonyesha asilimia 98 na watu wanapiga picha. Mimina maji hayo kwenye chupa nusu, funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili, iache wazi hadi kesho. Bluu ikirudi, umeificha tu. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila anayeandika “imeharibiwa” awe amelifanya kwanza.

Rangi haikurudi, lakini je, maji ni salama?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Rangi za azo, ambazo ni sehemu kubwa ya rangi za vitambaa, zinapopewa elektroni hukatika katikati, kwenye kiungo cha naitrojeni mbili, na zikikatika hazirudi. Ila vipande vyake vinabaki majini. Methili oranji huacha asidi salfaniliki na amini nyingine. Kwenye mashine utaona kilele cha 464 kinazama huku kingine kikipanda karibu na 250. Wengi hukata mchoro wao kuanzia 350 kwenda mbele, kwa hiyo hawakioni. Ukiwa na kuveti ya plastiki hutakiona pia, kwa sababu plastiki huzuia mionzi ya huko chini. Tafuta ya kwazi.

Kongo redi ni mbaya zaidi. Imejengwa juu ya benzidini, na ikikatwa inaweza kuiachia. Benzidini inajulikana kusababisha saratani ya kibofu kwa binadamu. Maji mekundu umeyafanya meupe, na sasa hakuna atakayeogopa kuyagusa. Kwa rangi za aina hii mimi sitaki kusikia borohaidraidi. Tumia njia ya kuoksidisha, Fenton au mwanga, inayoendelea kuvila vile vipande.

Kipimo cha kujua ni COD, yaani oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wote kikemikali. Kanuni za Tanzania za 2007 ziliweka kikomo cha miligramu 60 kwa lita kwa maji yanayotolewa kwenye mazingira, za Kenya za 2006 ziliweka 50. Usishangae ukikuta rangi imeisha na COD imepanda. Mchemsho wa majani nao ni uchafu kwa mujibu wa kipimo hicho, na peroksaidi iliyobaki huongeza namba kwa uongo. Osha chembe kabla ya kuzitumia, ua peroksaidi iliyobaki kabla ya kupima.

Maabara ilifanya kazi, kwenye maji ya batiki imegoma

Ingekuwa ajabu isigome. Maji ya beseni la batiki yana kostiki ya kupeleka pH juu ya 11, haidrosalfaiti iliyobaki, nta na uchafu wa pamba. Ya kiwanda kinachotumia rangi za riaktivu (zinazojifunga kwenye nyuzi za pamba) yana chumvi ya makumi ya gramu kwa lita. Chumvi hiyo huzishikanisha chembe za fedha, misombo ya salfa huziba uso wake, na peroksaidi yoyote utakayoweka inaliwa na haidrosalfaiti kabla ya kuiona rangi.

Kwa hiyo mpangilio ubadilike. Kwanza pitisha hewa: koroga au mimina kutoka ndoo hadi ndoo. Haidrosalfaiti inakwisha, na rangi za beseni zikishapata oksijeni hazitaki tena kuyeyuka. Nyingi hushuka zenyewe zikiachwa usiku kucha. Chuja kwa kitambaa kizito na mchanga. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa ya kazi imekwisha bila nano yoyote, na hilo si jambo la kuonea aibu kwenye ripoti. Kinachobaki shusha pH hadi 3 hivi, weka chuma chako cha majani ya mpera, kisha peroksaidi kwa awamu ndogo ndogo. Ikizidi, hujila yenyewe. pH ikiwa juu ya 4, chuma kinageuka kutu na kukaa chini. Chupa ya peroksaidi ya saluni iliyofunguliwa mwaka jana usiitegemee. Mwisho rudisha pH kati ya 6.5 na 8.5 kwa chokaa. Chuma kitashuka chenyewe, ukichuje.

Fedha kwa kazi hii ya beseni siishauri. Ni ghali, na inayovuja huua viumbe vya majini kwa kiasi kidogo sana. Ibaki kwenye jaribio la mezani.

Mabaki yaende wapi

Kusanya kila kilichogusa fedha kwenye ndoo moja ya plastiki yenye jina, tofauti na ya borohaidraidi na mbali na amonia. Ikijaa, ongeza chumvi ya mezani huku unakoroga hadi ukungu mweupe ukome kuongezeka, acha siku mbili, mimina maji ya juu taratibu kwenye ndoo ya pili, kausha mashapo kivulini. Maji hayo ya juu yakiwa bado na njano, chembe hazijashikana. Ongeza chumvi tena na uyaache wiki nzima. Mashapo makavu yafungie kwenye kopo. Mafundi wa sonara huulizia.